Bunduki ya Nkambo Haijakufa

SHAURI KWA JAMAA



Mwezi huu sitasema juu ya mahari wala juu ya mushahara unaochelewa. Kijana mumoja wa Likasi ametuandikia barua. Nkambo wake alikuwa muwindaji, na alipokufa aliacha bunduki ya zamani, ile inayoshindiliwa kwa mudomo. Jamaa walikaa, wakapatana kwamba huyu kijana ndiye ataichunga kwa ukumbusho. Akafuata njia ya sheria. Akazunguka mu maofisi, akalipa, akangojea, akaambiwa arudi kesho, akarudi kesho. Sasa karatasi ya ruhusa imetoka kwa jina lake. Anauliza: "Muchungaji, ruhusa niko nayo. Sasa nifanye nini? Niisafishe na nini? Naweza kuitundika ku ukuta wa chumba cha wageni kusudi watu waione? Wadogo wangu wanasema nisiogope, iyi bunduki ilishakufa zamani."

Nimefurahi na barua hii. Watu wengi wanaficha bunduki ya nkambo chini ya kitanda ao juu ya dari, bila karatasi, bila kumwambia mutu, mpaka siku mbaya. Huyu amefanya vizuri. Lakini lile neno la mwisho, "ilishakufa", ndilo linalonifanya niandike ukurasa wote.

Watu wa mine wanaelewa jambo hili kuliko wengine. Ninyi muliotumika kwa Gécamines, na ninyi wachimbaji wadogo pia, munajua tundu lililojazwa dinamiti likakataa kulipuka. Hakuna mutu mwenye akili anayelipiga kwa chuma na kusema, hili limekufa. Munarudi nyuma, munatia alama, munamwita mwenye kazi ya dinamiti. Basi bunduki ya nkambo ni tundu la namna hiyo hiyo, tofauti ni kwamba iko ndani ya nyumba yenu na watoto wanacheza karibu yake.

Barudi nyeusi ni chumvi ya salpeta, kibiriti na makala, vyote vimesagwa na kuchanganywa. Haiozi kama nyama. Ikikaa pakavu, ndani ya chuma kilichozibwa na kitambaa, inaweza kupita maisha ya mutu na kuwaka siku ya kwanza inapoonana na moto. Na wawindaji wa zamani walikuwa na desturi yao. Bunduki ya kushindilia haiachi risasi yake kwa urahisi. Muzee akirudi kutoka porini bila kupiga nyama, mara nyingi aliiegesha ukutani ikiwa imejaa, akatoa fataki tu, kusudi asipoteze barudi. Kesho yake pengine homa ikamupata, hakurudi tena porini. Bunduki ikabaki vile alivyoiacha.

Hili si la wazee wetu peke yao. Kule Marekani, nyuma ya vita vya Gettysburg mwaka wa 1863, waliokota bunduki zaidi ya 27,000 mahali pa vita. Karibu 24,000 zilikuwa bado na risasi ndani, na nyingi zilikuwa zimeshindiliwa mara mbili ao zaidi, moja juu ya ingine, kwa sababu askari katika hofu yake hakujua kama imepiga ao haikupiga. Mutu anayeokota bunduki ya zamani na kusema haina kitu, anasema bila kuangalia.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Likasi, kazi yako ya kwanza ni hii, mbele ya mafuta na mbele ya kupiga picha. Watoe watoto nje. Elekeza mudomo wa bunduki upande usio na mutu, na wewe mwenyewe usisimame mbele yake. Usichungulie ndani ya mututu kwa jicho, hata siku moja. Angalia ile nyundo ndogo ya juu, na kichuchu ambapo inapigia. Kama juu ya kichuchu pako kifuniko kidogo cha shaba, hiyo ni fataki. Dawa iliyo ndani yake inawaka kwa kupigwa, na uzee hauifanyi kuwa mupole. Usiikwangue na kisu. Acha yote pale, funga mulango, uende kuita watu.

Kama hakuna fataki, twaa kijiti kirefu kilichonyooka, cha muti, si cha chuma. Kiingize polepole kwa mudomo mpaka kikomee chini. Tia alama ku kijiti pale mudomo wa bunduki unapoishia. Kitoe, ukilaze juu ya mututu kwa inje, alama ikiwa sawasawa na mudomo. Mwisho wa kijiti ukifika pale moto unapoingilia, karibu na kichuchu, mututu uko mutupu. Ukipungua, ukabakiza upana wa vidole viwili ao vitatu, kuna kitu kimelala ndani. Pengine ni nyumba ya nyigu. Pengine ni barudi na risasi. Wewe hesabu kwamba ni barudi.

Hapo ufundi wako umeisha. Usijaribu kuitoa kwa kupasha moto, wala kwa kugonga chini, wala kwa kuchokora na waya. Kuna watu wanasema mwaga maji, itakufa. Ni kweli barudi yenye maji haiwaki, lakini ikikauka inaweza kuwaka tena. Maji yanakusaidia kungojea fundi, hayamalizi kazi. Fundi wa silaha utamuomba kupitia ofisi ile iliyokupa karatasi. Kama ulizunguka miezi mingi kwa kutafuta ruhusa, zunguka tena siku mbili kwa kutafuta fundi.

Hapa niseme neno kwa wachungaji wenzangu na kwa vijana wa vikundi vya maombi. Katika kampanye za uamsho watu wanaleta bwanga, vizimba, pembe na hirizi, na tunavichoma mbele ya kanisa huku tukiimba. Hilo ni vizuri. Lakini bunduki za wawindaji wengi zilifungiwa bwanga ku kitako: manyoya, kitambaa chekundu, ngozi iliyoshonewa kitu ndani. Mutu anaokoka, anaogopa ile bunduki kuliko simba, anaileta nzima na kutaka kuitupa motoni. Musikubali! Moto hautengi bwanga na barudi. Mututu wenye kitu ndani ukipata moto utapiga, utapiga upande ulioelekea, na kuzunguka ule moto kuna mama na watoto na kwaya nzima. Kama fundi ameona kwamba ni tupu, mwenyewe akate kamba, atoe ile bwanga, hiyo ndiyo ichomwe. Chuma kibaki pembeni. Hakuna imani inayopunguka kwa kufanya hivyo.

Sasa tuangalie bunduki yenyewe, maana mutu hawezi kuchunga kitu asichokijua.

Za zamani kabisa ni za gumegume. Jiwe linapiga chuma, cheche inaanguka juu ya barudi kidogo ya inje, moto unapita kwa tundu na kuwasha ile ya ndani. Vijana wananiuliza mara kwa mara kwa nini wazee wetu walikuwa na bunduki za namna hiyo wakati Wazungu wenyewe walikuwa wameziacha. Sababu iko katika karatasi. Katika mapatano ya Bruxelles ya tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa walipatana kuzuia bunduki za namna mpya zisiingie katikati ya Afrika. Walichoachia ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mututu, pamoja na barudi ya kawaida ya biashara. Walisema ni kwa kupigana na biashara ya watumwa. Lakini bunduki nzuri zilibaki mikononi mwa nani? Kila mutu aone mwenyewe.

Namna ya pili ni ya fataki, na hapa nitacheka kidogo, maana aliyefungua njia yake alikuwa muchungaji. Alexander John Forsyth alikuwa na parokia ya Belhelvie kule Scotland, na alipenda sana kuwinda ndege. Gumegume ilitoa mwangaza mbele ya kupiga, ndege wakauona, wakaruka. Akatafuta dawa inayowaka kwa kugongwa, na mwaka wa 1807 akapata hati ya uvumbuzi wake. Kile kifuniko kidogo cha shaba kilikuja nyuma yake. Kwa hiyo ukiona fataki, ujue asili yake ni muchungaji aliyekasirikia ndege. Mimi sipendi kuwinda, nafuga kuku.

Tafuta alama ku mututu, upande wa karibu na kitako. Bunduki nyingi zilizofika Kongo zilitengenezwa Liège, Ubelgiji, na muji ule una nyumba ya kujaribu mitutu tangu mwaka wa 1672. Alama yake ni herufi ELG ndani ya duara refu kama yai, na nyota chini yake. Kama juu ya yai pako taji, alama ilipigwa mwaka wa 1893 ao nyuma yake. Kama hakuna taji, ni mbele ya 1893. Ona, kwa dakika tano umejua kitu ambacho nkambo mwenyewe pengine hakukijua. Lakini usisome zaidi ya kile kilichoandikwa. Alama inasema kwamba siku ile, kule Liège, mututu ulijaribiwa na haukupasuka. Haisemi chochote juu ya leo, nyuma ya mvua za miaka mia moja.

Bunduki ya fundi wa kijijini, iliyotengenezwa kwa bomba la maji ao kwa chuma cha motokari, ile tunayoita pupu, haina alama yoyote. Mutu akikuletea pupu na kusema, "Mukubwa, wewe uko na ruhusa, ongeza na hii," kataa. Karatasi uliyopewa kwa bunduki moja haifuniki ya pili. Na usikubali kuwa ghala la kijiji.

Juu ya kusafisha, neno langu ni fupi: usisafishe sana. Nimeona vijana wanasugua chuma kwa muchanga na ndimu mpaka king'ae kama sufuria ya arusi. Wanafuta alama zote, wanafuta ile rangi nyeusi iliyokuwa inachunga chuma, na thamani inaondoka na maji machafu. Kama fundi ameshathibitisha kwamba ni tupu, pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha mafuta mepesi kidogo sana juu ya chuma. Rudia mwanzoni mwa mvua na mwisho wa mvua. Usitie rangi. Usiivike mufuko wa plastiki wala wa ngozi, maana unyevu unabaki ndani na kutu inakula usiku na muchana. Kitako cha muti ukiangalie juu ya muchwa. Na ile misumari ya shaba iliyopigwa ku kitako kwa urembo usiing'oe, hata kama mingine imelegea. Hiyo ni mikono ya watu wetu, si ya Liège.

Sasa ukuta wa chumba cha wageni. Hapa, kijana wangu, sitakubaliana na wewe.

Soma 1 Samweli 21. Daudi alipomwua Goliati, upanga wa yule mutu mukubwa ulifika mwisho mahali patakatifu kule Nobu. Kuhani Ahimeleki aliuchunga nyuma ya naivera, umefungwa ndani ya nguo. Ulikuwa ukumbusho, na hakuna aliyefikiri kupigana nao. Halafu siku moja Daudi akafika mbio, anamukimbia Sauli, akauliza kama hapo hapana silaha. Kuhani akamwambia iko moja tu, ile ya ukumbusho. Daudi akaondoka nayo. Na palikuwa na mutu mumoja aliyeona yote, Doegi Mwedomi. Alienda kusema kwa Sauli, na sura ya 22 inatuhesabia makuhani 85 waliouawa, na muji wao wote pamoja na watoto. Sisemi kwamba upanga peke yake ndio ulileta yale. Ninasema hivi: ukumbusho ulibadilika kuwa silaha kwa dakika moja, na Doegi alikuwa hapo anaangalia. Katika inchi yetu, na zaidi upande wa Mitwaba, Manono na Pweto, hatuhitaji kufundishwa ginsi gani mutu mwenye silaha anafika usiku kwa sababu amesikia nyumba fulani iko na bunduki. Ukiitundika chumbani, kila mugeni ni shahidi.

Na katika Kumbukumbu la Torati 22 Mungu anamwamuru anayejenga nyumba aweke ukingo kuzunguka dari, kusudi mutu asianguke na damu ikawa juu ya ile nyumba. Dari si zambi. Lakini mwenye nyumba anaulizwa juu ya mutu atakayeanguka. Basi fanya ukingo. Sanduku la muti ao la chuma, lenye kufuli nzuri, mahali pakavu, mbali na mbabula. Ufunguo ukae kwako na kwa mutu mumoja mwingine mukubwa, si ku musumari nyuma ya mulango ambapo watoto wote wanaujua. Barudi na fataki visikae nyumbani hata kidogo. Wewe unachunga ukumbusho, barudi ni ya kazi gani? Kama nkambo aliacha barudi ndani ya pembe ao chupa, hiyo nayo uiseme kwa fundi, usiimwage ndani ya choo wala karibu na makala.

Watoto uwaonyeshe wewe mwenyewe, mara moja, wazi, pamoja na maelezo. Mutoto aliyeona mbele ya baba yake hana haja ya kwenda kuchungulia peke yake. Mwambie hii imeua, na inaweza kuua tena, na hata ukipata bunduki ya mchezo inayofanana nayo kwa rafiki, usiielekeze kwa mutu.

Tena bibi yako. Kama mama wa nyumba anasema hawezi kulala karibu na kitu hiki, usimwonyeshe karatasi. Karatasi inamunyamazisha polisi, haimunyamazishi mama wa watoto wako. Zungumzeni. Pengine Musée ya Lubumbashi ndiyo mahali pazuri zaidi, ao kwa mufumu wa inchi yenu, naye akiwa na ruhusa. Kutoa kitu cha nkambo mahali watu wengi watakiona si kumuzarau.

Kuna kazi ingine ambayo ninaiona kuwa kubwa kuliko mafuta na kufuli. Nunua kaye. Andika jina la bunduki, urefu wake, alama zake zote kama zilivyo, tarehe uliyoipokea na kwa mukono wa nani. Kule Marekani, watu wanaopewa ruhusa ya kukusanya bunduki za zamani wanaamuriwa na sheria kuandika katika kitabu kila silaha iliyoingia na kila iliyotoka. Ni desturi nzuri, tuiige. Kisha wende kwa wazee walio hai, ukae chini, uulize: ilitoka wapi? Nani aliinunua? Aliilipa kwa nini?

Swali hilo la tatu ndilo zito. Msiri alitoka Unyamwezi, upande wa Tanzania ya leo, akajenga ufalme wake Bunkeya. Nguvu yake ilisimama juu ya bunduki na barudi. Vilitoka kwa wafanyabiashara wa pwani ya mashariki, na tena kwa wale wa Bihe na Benguela, Angola ya leo. Vililipwa kwa shaba, kwa pembe za tembo, na kwa watu. Frederick Stanley Arnot, mumisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kufika kule, aliingia Bunkeya mwaka wa 1886 na kukuta biashara hiyo. Msiri mwenyewe alikufa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, mukononi mwa watu waliotumwa kwa ajili ya Leopold wa Pili, nao wakawa na bunduki bora kuliko zake.

Kwa hiyo inawezekana ile bunduki unayoipaka mafuta ilinunuliwa kwa musichana wa mutu. Inawezekana pia nkambo aliinunua kwa mushahara wake wa kwanza wa mine, akalisha kijiji nyama ya pori miaka makumi mawili. Usichague hadisi mbele ya kuuliza. Kama wazee wakikwambia jambo la aibu, liandike vilevile, kwa wino uleule. Nimekaa na jamaa ambazo zinasifu silaha ya babu yao kwa nyimbo, na jirani yao wa nyumba ya tatu ni mujukuu wa wale waliouzwa. Yeye anasikia nyimbo zile na kunyamaza. Kaye yenye ukweli inaweza siku moja kuwaketisha hawa wawili meza moja. Bunduki iliyong'arishwa na kusifiwa tu haiwezi.

Mambo mengine nitayapita upesi. Usiipige. Si kwa matanga ya mufumu, si kwa arusi, si kwa Mwaka Mupya. Kutu imekula mututu kwa ndani ambapo huoni, na mututu ukipasuka unachukua mukono na macho ya mwenye kuishika, si ya yule aliyesema piga. Usitie barudi ya masasi ya leo ndani yake, hata kidogo sana. Nguvu yake ni ya chuma cha leo. Mutu akija na dola anataka kuinunua, usiuze kwa giza. Ruhusa ya kuchunga si ruhusa ya kuuza. Tena usiivukishe Kasumbalesa eti kuna jamaa Zambia anaitaka. Hata kama ni ya zamani namna gani, ku mupaka ni silaha. Na ukisikia kwamba kwa Wamarekani bunduki iliyotengenezwa 1898 ao mbele yake inahesabiwa ya zamani na sheria yao ya 1968 inailegeza, ujue ile ni sheria ya kwao. Sisi tuko na Ordonnance-loi nambari 85-035 ya 3 Septemba 1985, na polisi wa Likasi hasomi sheria ya Amerika.

Halafu fikiri juu ya siku yako ya kufa. Karatasi iko na jina la mutu mumoja. Ukifa, mujane wako atabaki na silaha isiyo na ruhusa, mu siku za kilio, watu wanaingia na kutoka, na bashemeji wanafungua masanduku. Mwambie leo mahali karatasi iko, ofisi gani iliitoa, na mutu gani wa kanisa atamusindikiza kwenda kuisema. Andika hayo ku ukurasa wa mwisho wa kaye.

Kama ninyi munaosoma muko na bunduki bila karatasi yoyote, musiogope zaidi kuliko inavyofaa. Watu wa Katanga wanakumbuka miaka ya 2000, wakati PAREC, kazi iliyozaliwa mikononi mwa watu wa kanisa, ilipokea bunduki na kutoa baiskeli, na watu wengi walirudi nyumbani wanapiga kengele ya baiskeli yao mupya. Leo hata bila baiskeli njia iko. Lakini musitoke na bunduki imefungwa ndani ya mukeka, mukapanda nayo mu taxi-bus kwenda kuirudisha. Ku kizuizi cha kwanza nani ataamini kwamba ulikuwa unaenda kuitoa? Enda kwanza mikono mitupu, muchana, pamoja na muchungaji ao muzee wa kanisa na chifu wa kijiji ao wa mutaa. Sema iko wapi, ni ya nani, na kwamba hujui kama ina kitu ndani. Uliza wanataka kuichukua namna gani, na jina la atakayekuja. Mupaka wafike, mulango ufungwe, watoto walale kwa jirani.